Kivuli cha Alasiri

Bibi yangu Muzna alikuwa mke mkubwa, na hema lake lilikuwa magharibi mwa mghafu, mti wa jangwani wenye matawi mapana. La Rayya, mke mdogo, lilikuwa mashariki. Babu Mutlak alihama na kivuli cha mti huo: asubuhi kwa Muzna, alasiri kwa Rayya. Alisema ndiyo haki, Mungu mwenyewe kagawa.

Haki gani? Asubuhi alikuja na usingizi machoni, akanywa kahawa kimya. Wageni walifika alasiri. Habari za soko la Sinaw zilikuwa alasiri, vicheko vilikuwa alasiri, na aliyemimina kahawa akasifiwa ni Rayya. Muzna alisokota sufu mlangoni kwake, masikio yote ng'ambo.

"Jana mlicheka nini?" Muzna akamwuliza mumewe asubuhi moja.

"Ah, Rayya katusimulia yule ngamia aliyekula shela la bibi harusi."

"Baba Hilali, hadithi hiyo nilikusimulia mimi!"

"Basi yeye anaijulia."

Wivu ulimkaa kama mchanga jichoni. Kwetu hakuna anayekata mghafu mbichi, lakini kiangazi, majani yakiisha chini, kuwapukutishia mbuzi si kosa. Muzna akachukua ufito mrefu wenye kulabu, akaenda mashariki. Siku baada ya siku alipukutisha matawi yaliyofunika mkeka wa Rayya, hadi mbingu ikaonekana.

"Bi Mkubwa," Rayya akamwambia, "mbuzi wako hawayataki majani ya upande wako?"

"Ya huku matamu. Huoni hata mume wetu ndiko anakopenda?"

Kesho yake Muzna alitandika mkeka wake mapema, akaweka tende na kahawa. Jua likachomoza, likapenya kwenye matawi matupu, likatua palepale mkekani. Matawi yale ya mashariki ndiyo yaliyokuwa yakimkinga jua la asubuhi. Kivuli cha Rayya kilitoka zaidi kwenye matawi ya magharibi, na hayo hakuyagusa.

Mutlak alikinga macho. "Kwako pamekuwa tanuri!" Akachukua bakora yake, akavuka hadi hemani kwa Rayya.

"Karibu na wewe, Bi Mkubwa," Rayya aliita. "Hemani kwangu hamna jua."

Muzna alikunywa kahawa peke yake, juani, mpaka birika likaisha.

Watu husimulia haya wakacheka. Mimi sicheki. Kulabu ile ilimstahili babu, aliyewapa wanawake wawili mabaki ya jua akayaita haki.

Mghafu ulichipua bila tone la mvua. Muzna aliulinda, akifukuza hata mbuzi wake mwenyewe. Kivuli kiliporudi, Mutlak alikuwa keshazoea asubuhi za ng'ambo. Muzna akatandika mkeka, akaketi, akaanza kusimulia peke yake kwa sauti ya kuvuka mti: ngamia, shela, bibi harusi akimkimbiza kichwa wazi.

Upande wa pili Mutlak aliangua kicheko kabla hadithi haijafika mwisho.

"Unacheka nini?" Rayya akauliza, kwa ukali.