Bakuli la Ndimu Mbili

Mie sina simile. Kwenye kikundi chetu cha kina mama pale Dunda wananijua hivyo, na ndiyo maana wakanipa kusimamia futari ya mtaa. Walisema mtu mpole hapawezi. Kila Ramadhani tunapika uani kwangu, kisha tunapeleka kwenye nyumba ambazo mwezi umezikuta vibaya: mjane, mgonjwa, baba aliyeachishwa kazi. Na vitu vinavyokuja, jamani! Muuza samaki anashusha ndoo nzima, mwenye duka anatoa sukari, mihogo inatoka Mkange kwa magunia mpaka uani hapana pa kukanyaga. Mwezi ukikaribia silali kwa furaha.

Mdogo wangu anayeishi Dar aliwahi kuniuliza watu wa hali ya kawaida namna ile wanatoaje vyote hivyo. Nikamjibu thawabu, mwezi mtukufu huu, ulitaka nini tena? Nikajiona nimemaliza.

Kilichokuwa kikinikera ni vyombo. Chakula tulikipeleka kwenye mabakuli yetu ya nyumbani, yamefunikwa kawa, na kwetu ukiletewa chakula bakuli hulirudishi tupu. Unatia chochote ulicho nacho. Basi kila asubuhi ni hodi hodi: huyu na matembele, huyu na chumvi kwenye kikaratasi, yule na kipande cha boga. Bibi mmoja wa nyumba ya nne kutoka kwangu, mjane ambaye wanawe wote wako mbali, yeye kila siku ndimu mbili za mti wake. Nimwamkie, aniulize hali ya nyumba, ya watoto, mpaka ya kuku, na mie mihogo inanisubiri kumenywa. Ndimu mbili, nikisema moyoni, za nini? Tena mabakuli mengine yanapotea, mengine yanarudi na kawa isiyo yake.

Mwaka jana nikapata akili. Akili gani sasa! Nikanunua vyombo vya foili, vile wanavyofungia chipsi, mtu anakula anatupa. Nikawatangazia wenzangu kama niliyegundua dawa ya malaria: hakuna kuosha, hakuna kupotelewa, hakuna mzee kusumbuka kurudisha. Shoga yangu, ambaye tunapika naye tangu kikundi kianze, aliendelea kukuna nazi. Siku ya kwanza tulimaliza kugawa mapema kabla ya adhana, nikajipongeza mwenyewe.

Wiki haikuisha mambo yakaanza kwenda kombo. Kuni zikakata. Kumbe mzee aliyekuwa akija kutuchanjia kuni ni mmoja wa wale tunaowapelekea futari, na sasa hakuwa na bakuli la kumleta kwangu. Nyanya zikapungua, kijana mwenye genge aliyekuwa akituletea, mama yake alikuwa kwenye orodha yetu, na yeye ndiye aliyekuwa akirudisha bakuli. Mie nikasema watu wamechoka, imani imepungua, nikapayuka weee mpaka sauti ikanikauka na saumu yangu mdomoni.

Siku ya nane nikapita kwa bibi na foili lake la mihogo. La jana lilikuwa pale pale kizingitini, halijafunguliwa, sisimizi wamelivaa. Akatoka, akaniitikia salamu, akasema niwape wengine, yeye ameshiba. Kushiba wapi! Nyuma yake jikoni nilikuwa naona birika la chai ya rangi na kisahani cha tende, basi. Shingo imemtoka mishipa. Mtu anafunga kutwa, anafuturu tende na chai, na chakula changu kinaliwa na sisimizi. Niliogopa, wallahi. Nikaona mwezi hautaisha huyu bibi akiwa amesimama.

Nikarudi nikifoka. Nikamwambia shoga yangu kwamba watu wengine ukiwasaidia wanakuletea kiburi. Akaweka kifuu cha nazi chini.

"Zamani alikuwa jirani yetu," akasema. "Weye umemfanya maskini wetu."

Nilinuna. Nikazunguka uani, nikapiga teke foili. Kisha nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Nikaingia ndani nikatoa bakuli langu la maua, la tangu arusi yangu, nikapakua mihogo ya nazi na vipande viwili vya samaki, nikaweka kawa juu, nikaenda karibu nakimbia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Nikamwambia bakuli hilo nalitaka kesho asubuhi, lisinicheleweshe, na ndimu zimetuishia, samaki wote wananuka shombo. Na kweli walikuwa wananuka. Bibi hakutazama chakula. Alipitisha kidole kwenye maua ya bakuli.

"Sasa mbona hukusema?" akanigombeza.

Alfajiri sijakunja mswala, hodi. Bakuli limejaa ndimu mpaka zinadondoka, na nyingine kazifunga kwenye pindo la kanga. Nilicheka peke yangu kama mwehu! Siku ile ile tukayarudisha mabakuli yote mtaani. Kesho yake kuni zimechanjwa, matembele hayo, maboga hayo, kijana wa genge kaleta nyanya tenga zima, na uani kwangu hapana pa kukanyaga tena. Foili zilizobaki nikampa muuza chipsi. Bibi akala mwezi wote uliobaki, na shavu likarudi.

Kumi la mwisho homa ikaniangusha. Nimelala, nikasikia hodi ninayoijua. Bibi kaniletea uji wa mchele wenye pilipili manga, umekamuliwa ndimu, kwenye bakuli lake mwenyewe la bati jeupe. Nikaunywa wote, machozi yananitoka.

Asubuhi nikaamka kulirudisha. Nikafungua kabati, hamna kitu. Vyote tulikuwa tumevipika na kuvigawa, hata sukari. Nikahangaika jikoni nzima na homa yangu, nafunua vifuniko, natikisa makopo, maana kulirudisha tupu lile bakuli nisingeweza, bora nife. Mwisho nikatoka mlangoni nikachuma asumini za mti wangu, mpaka bakuli likajaa.

Nikaenda polepole, na furaha siwezi kuisema. Bibi akalipokea kwa mikono miwili, akainusa asumini. Akaniuliza hali ya nyumba, ya watoto, mpaka ya kuku. Nikamjibu moja moja, mpaka ya kuku.