Kicheko cha Kaka Yangu

Mama alikuwa akisimulia kukimbia kwetu akicheka. Ndivyo walivyosimulia wanawake wote waliorudi kutoka Tanzania, pale kijijini kwetu Kigwena, wakichambua matunda ya mawese. Kazi ile ni ndefu. Anayeleta kilio huambiwa akalilie kwake.

Kisa cha mama kilichekesha kweli. Risasi ziliposogea alinyakua furushi la nguo, akalibeba kichwani siku tatu. Kambini akalifungua: makapi makavu ya mawese, ya kuwashia moto. Nguo zilibaki nyumbani. Kaka yangu, mtoto wa miaka sita, homa ikiwa tayari mwilini, alicheka mpaka akakaa chini. Wiki haikuisha akafa. Kila mama alipofika kwenye furushi alikiigiza kicheko chake, wenzake wakacheka naye, kazi ikaendelea.

Wageni wawili walipokuja na kamera kukusanya habari za waliorudi, mama alifurahi. Kaburi la mwanawe liko ng'ambo ya mpaka; alitaka angalau jina lake libaki mahali. Mimi nilikuwa mkalimani. Alisimulia kama kawaida yake. Mgeni mmoja akazima kamera, akaniuliza kwa Kifaransa kama mama ana akili timamu, maana hakuna atakayemwamini mtu anayecheka akitaja kifo cha mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Siku ile waliujua wao, waliofika asubuhi na gari la kukodi.

Ningeweza kuwafukuza. Mdomo ninao, mtaa mzima unajua. Badala yake nilimwambia mama aliache furushi, alie kidogo, la sivyo wangehamia kwa jirani na jina la mtoto lingepotea.

"Mutoto wangu alicheka," akasema. "Wewe unataka niseme alilia?"

Nikamjibu ndiyo.

Alilia vizuri. Wakamshika mikono, wakamshukuru, murakoze, wakasema huo sasa ndio ushuhuda. Nikatafsiri hata hilo.

Tangu hapo anasimulia akilia hivyo, hata kwenye mawese, na wenzake wameacha kumwomba kisa chake. Nikimkumbusha furushi ananiambia hayo hayana maana. Wanangu wanamjua mjomba wao aliyekufa kambini. Yule aliyecheka hawamjui, na aliyemwondoa ni mimi.