Mbwa Mweusi Huwa Mkali, Walisema

Manyoya ya mbwa yaliyolowa, yakisogezwa karibu na moto, hutoa harufu ambayo wageni wangu huiita uvundo. Mimi huivuta kwa pua zote mbili. Ikichanganyika na moshi wa kuni za miwati na maranda ya mbao, basi nimerudi Lyamkena, pale Makambako. Ni msichana wa shule ya msingi, magoti yamepauka kwa baridi, na nimemkasirikia baba yangu mzazi.

Baba alikuwa na uwanja wa mbao nyuma ya nyumba, na wezi walikuwa wameuzoea kama shamba lao la urithi. Ndipo akasikia kwamba kwenye misheni moja nje kidogo ya mji wa Njombe, jike la mbwa la padre limezaa. Lilikuwa Labrado, mbwa wa Kizungu mwenye kichwa kipana na mkia mnene unaoweza kuangusha vikombe mezani. Tukaenda Baba, dada yake ambaye tulipakana naye ua, na mimi niliyelia mpaka nikachukuliwa.

Watoto wa mbwa, weusi na wa njano, walikuwa wamelaliana kwenye magunia kama viazi vya Makete. Padre akasema wote ni wa tumbo moja na tabia yao ni moja, tuchague tunayempenda. Baba akaguna kwa adabu. Kwetu kila mtu alijua kwamba mbwa mweusi huwa mkali, na wa njano huwa mpole na mlafi. Akamwinua mweusi mmoja kwa ngozi ya shingo, akamning'iniza hewani. Huo ndio ulikuwa mtihani wetu: asiyelia ndiye mlinzi. Mweusi akanyamaza. Nadhani alikuwa na usingizi.

"Mnaona?" Baba akasema. "Huyu ana roho."

Shangazi akajichukulia wa njano, aliyeanza kulia kabla hajaguswa. Kisha akanitazama mimi, akamtazama mbwa wetu, akacheka. "Hawa wamefanana hata macho!"

Niseme hapa kwamba mimi nilikuwa mweusi kuliko ndugu zangu wote. Nikikataa uji, ni weusi. Nikimjibu mtu, ni weusi. Dada yangu, maji ya kunde, akivunja sahani, ni bahati mbaya.

Nyumbani, wa njano alitandikiwa gunia jikoni kwa Shangazi, karibu na mafiga, na kila aliyepita alimkuna tumbo. Wetu alifungiwa kwenye banda lisilo na dirisha, kwa maana mbwa akizoea mwanga na watu hupoteza ukali. Ugali wake ulitiwa pilipili kichaa ili damu ichemke. Watu wazima, wenye akili zao na rozari zao, waliamini hivyo, na kazi ya kuzitwanga pilipili nilipewa mimi. Haukupita muda mrefu, yule mtoto wa mbwa akaanza kuurukia mkono uliomletea sahani.

"Si nilisema?" Baba alifurahi. "Weusi haudanganyi."

Ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Nilizimwaga pilipili mtaroni, nikachukua ugali mtupu, nikatambaa ndani ya banda na kuuvuta mlango nyuma yangu.

"We mtoto, toka humo!" Baba alikuja mbio. "Atakung'ata!"

"Na aning'ate. Si tumefanana?"

Kutoka ng'ambo ya ua Shangazi akapaza sauti: "Kaka, huyo naye mtie pilipili!"

Baba hakucheka. Nilimsikia akichuchumaa kwenye tope. "Toka, mama," akasema, sasa kwa sauti nyingine. "Utaugua kifua."

"Nitatoka naye. Na hatalala humu tena."

Mbwa alikuwa amemaliza ugali, ameweka kidevu kwenye goti langu, anatetemeka. Mvua ikazidi kumnyeshea Baba. Kisha mlango ukafunguka.

"Haya. Mwizi akija, utabweka wewe."

Mwizi alikuja, bila shaka. Aliyebweka ni yule wa njano, na Shangazi akamkemea kwa kudhani anadai chakula. Mbwa wetu, ambaye sasa alilala jikoni na kumpenda kila kiumbe, nadhani alimsindikiza mwizi hadi barabarani akimtikisia mkia. Asubuhi Baba alisimama mbele ya pengo la mbao, akanitazama. Nilitakiwa kuinamisha kichwa. Sikuinamisha, na hadi leo siinamishi. Akaenda kununua kufuli.

Nimesoma hadi chuo kikuu, nikajifunza maneno marefu ya jambo hili, na hayakunisaidia sana. Nilikuwa mtu mzima kabisa nilipokumbuka kwamba lile banda lilikuwa limekwisha kupigiliwa misumari, bila dirisha, kabla hatujaenda misheni. Lilikuwa linasubiri tu wa kuingia. Angeingizwa wa njano, naye angetoka anang'ata, na tungetafuta la kusema kuhusu unjano.

Watu wanaojua napenda mbwa huniuliza: nichukue Labrado mweusi au wa njano, yupi mpole? Rangi wala siiangalii. Huwaambia wanionyeshe kwanza mahali atakapolala.