Neno "Some" Barazani pa Hospitali

Juzi binti yangu aliniuliza, "Mama, some na all zinatofautianaje?" Swali la kawaida la darasani, rafiki yangu, lakini lilinirudisha mbali. Nikajiona niko Nyakatuntu, kijijini kwetu, kidato cha pili, msimu wa kuanika kahawa, uani kote kukinukia buni.

Mchana ule watoto walikula mbegu za mbono zilizodondoka uani. Mdogo wangu alikuwemo. Walitapika mpaka wakalegea, wakakimbizwa hospitali kwa pikipiki. Tukabaki barazani: bibi yangu, mama jirani ambaye mapacha wake walikuwa ndani, na wazazi wengine. Bibi alikuja na ndizi za kuchemsha, amezifunga kwenye jani la mgomba. Hakuna aliyezigusa.

Daktari aliyetoka alikuwa mgeni, Kiswahili hakijui. Akasema, "Some of the children are awake," akaondoka haraka. Wote wakanigeukia mimi, msomi wao.

"Amesema baadhi ya watoto wameamka."

Mama jirani akashika kichwa. "Baadhi! Nani hajaamka?"

Mwalimu wetu wa Kiingereza alisema anayetamka some amewaacha wengine nje; wangekuwa wote, angesema all. Lakini mwalimu wa hisabati, akichora miduara ubaoni, alisema kwake some ni angalau mmoja, na huenda ikawa wote. Nilitamani sana daktari yule awe mtu wa hisabati.

"Bibi, hajasema kuna aliyezidiwa," nikajikaza.

"Basi kamuulize. Usituletee neno nusu."

Nilimfuata daktari ndani. "All?" nikauliza. Akanitazama, akaelewa. Kumbe alikuwa ameingia chumba kimoja tu, wa cha pili hajawaona bado. Akanishika mkono tukaenda cha pili. Mapacha walikuwa wakigombea shuka. Mdogo wangu, macho yamebonyea, alikuwa ameketi akimlalamikia nesi kuwa dawa ni chungu.

Nilirudi mbio, Kiswahili kimenipotea, nikapiga kelele kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, "Boona! Boona!" Wote! Mama jirani akakaa chini sakafuni akalia.

Ile baraza imeshavunjwa. Mibono nayo iling'olewa. Siku hizi simu ya nyumbani ikiita, wakaniambia, "Wengi wetu hatujambo," siketi mpaka niwaulizie mmoja mmoja kwa jina. Na kila mwaka majina ya kuulizia yanapungua.