Kiti cha Ambari

Duka la Mzee Nabhan liko Satwa, Dubai, mtaa wa nyuma, kati ya gereji na muuza mashuka. Mlango mmoja, cherehani moja, viti viwili. Kimoja chake. Cha pili kilikuwa cha mkewe, Kulusumu, na tangu alipofariki, miezi minne sasa, hakuna aliyekikalia. Mteja akikisogelea, Nabhan humwambia, "Simama tu, bwana, sikucheleweshi."

Skuli hakwenda. Unguja aliwekwa kwenye cherehani akiwa na miaka tisa, na Dubai kaja na mkasi wake. Alichokijua cha vitabuni alikipata kwa masikio. Kila alasiri Kulusumu alikaa pale kitini, kitabu cha Kiingereza mkononi, akikigeuza kwa Kiswahili papo hapo, yeye akishona. Mwaka wa mwisho walikuwa kwa wafalme wa Hindi. Watumwa waliotawala Delhi walipita akikata suruali za madereva. Wafalme wa ukoo wa Lodi waliisha pamoja na sare za hoteli. Wakaja Wamoghuli, na katikati yao akatokea Mhabeshi mmoja, Maliki Ambari. Hapo Kulusumu akaugua. Uzi mwekundu aliouweka ukurasani uko palepale.

Siku moja akaingia Adib, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa akiandaa onyesho la watawala wa Hindi kwenye ukumbi wa jumuiya yao. Nyuma yake Hakim, mlinzi wa ukumbi, Mganda, kabeba vitambaa, mrefu hata akainama mlangoni.

"Mzee, nataka mavazi ya wafalme sita na gavana mmoja wa Kiingereza," Adib alisema. "Huyu Hakim mshonee kitu cha kiunoni tu. Atashika mkuki, asimame nyuma ya kiti cha Jahangiri, mfalme wa Wamoghuli."

"Anakuwa nani?"

Adib akatazama karatasi yake. "Ambari. Mhabeshi."

Mguu wa Nabhan ukaacha kukanyaga.

"Ambari hakusimama nyuma ya kiti cha Jahangiri. Yeye ndiye aliyekuwa akiwakalisha masultani vitini."

Hakim akacheka. "Bosi, unasikia? Na mimi nilishaanza mazoezi ya kifua."

"Mzee wangu, ni dakika mbili tu. Wewe haya umeyasoma wapi?"

"Sikusoma. Nilisomewa."

"Basi shona nilivyosema."

"Sishoni. Chukua vitambaa vyako, na wafalme wako uende nao."

Adib akatazama saa. Onyesho lilikuwa Ijumaa. Nabhan akavuta mtoto wa meza, akatoa kitabu, akakifungua penye uzi.

"Soma wewe. Kwa sauti. Nilikofika nakujua. Kauzwa mtoto, kauzwa tena, mpaka Hindi. Kawa askari, kawa waziri, masultani akawaweka yeye. Kajenga mji, kauletea maji kwa chini ya ardhi. Majeshi ya Jahangiri yakamsaka miaka, hayakumpata, mwishowe mfalme akajichoresha anakipiga mshale kichwa cha Ambari. Kichwa cha kwenye picha! Mbele ya hapo sijui."

Adib akasoma, kwa Kiswahili chake cha Mombasa, polepole. Kwamba Ambari alikufa mzee wa karibu miaka themanini, utawala ungali mkononi mwake. Na kwamba mwandishi wa Jahangiri mwenyewe aliandika: kwa vita, kwa uongozi na kwa busara, mtu yule hakuwa na mfano wake.

"Mwandishi wa adui," alisema Nabhan.

"Wa adui."

"Hebu soma tena hapo."

Adib akasoma tena. Nabhan akakigeukia kile kiti kitupu. "Umesikia?" akasema, na hakuwa akisema na Adib.

Adib akajikuna shingo. "Babu yangu katoka Dekani, hukohuko alikotawala Ambari, na haya sikuyajua. Haya, mshonee joho. Lakini kitambaa cha mtu wa nane sina."

"Ninacho mimi."

Ilikuwa melimeli nyeupe, Kulusumu aliinunua soko la Naif amshonee mumewe kanzu ya Idi, kisha asiwahi. Nabhan akaikata bila kupima mara mbili. Kamba za joho akazifungia chini ya kwapa la kulia, walivyofunga Waislamu wa zama zile. Hilo alimwomba Kulusumu alisome mara mbili, maana lilikuwa la kazi yake.

Alhamisi Hakim akaja kujaribu. Akajitazama kiooni, akasema, "Mzee, kwetu wakiniona hivi watapiga magoti."

"Na mkuki?"

"Tumeutupa. Ila bosi anasema viti alikodi saba tu. Mimi nitasimama pembeni."

Nabhan akachomeka sindano kwenye kola yake. Akachukua kipande cha melimeli kilichobaki, akakifuta kiti cha Kulusumu: mgongo, mikono, miguu yote minne. Akakiinua mwenyewe, Hakim alipotaka kumpokea akamkatalia, akakifikisha hadi kwenye teksi.

"Kikalie vizuri," alisema. "Usijikunyate."