Breki Niliyomfungia Kinyonga

Magari manne yaligongana kwa ajili ya mnyama mmoja mwenye uzito wa ndimu mbili, na katika mkasa ule mzima ni yeye peke yake aliyeondoka na heshima yake. Sisi wengine tulitoka wazima, namshukuru Mungu, lakini keki ilikufa, taa zilikufa, na mimi ambaye kila asubuhi natangaza redioni hali ya barabara, sasa nikipita sokoni Birere hapa Goma naitwa Papa Kinyonga na watu ambao hata siwajui. Acha niseme mwenyewe ilivyokuwa, kwa sababu matoleo yanayozunguka mjini yamenifanya niwe mjinga kuliko nilivyokuwa, na nilikuwa mjinga wa kutosha.

Ilikuwa arusi ya mdogo wangu Furaha. Alikuwa anaolewa na Kambale, kijana wa familia ya Butembo iliyohamia Kiwanja kwa biashara ya maharagwe, na misa ilipangwa kule kule Kiwanja, Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Padri alikuwa ametuonya mapema: akimaliza na sisi anapanda mlimani kusomea misa wakristo wa kapela nyingine, na baada ya hapo ni Kwaresima, hafungishi ndoa. Maana yake tukichelewa, Furaha anarudi kwetu Katindo na gauni lake jeupe kusubiri Pasaka, na ukoo wa Kambale unabaki na ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa. Papa yetu alishafariki, kwa hiyo mimi kaka mkubwa ndiye niliyepaswa kumshika mkono na kumwingiza kanisani.

Pia ndiye niliyepanga msafara. (Napenda mambo yapangike. Hilo nalikubali, na utaona limenifikisha wapi.) Mbele kabisa pikipiki imembeba Claude, mpiga video, amekaa kinyumenyume akimpa dereva mgongo ili atupige picha tukija. Halafu jeep ya bibi arusi, naiendesha mimi, imepambwa maua na utepe, nyuma kakaa Furaha na Tantine Espérance, dada ya marehemu papa. Halafu gari la Baba Mudogo Déo, mdogo wa papa, na mke wake amepakata keki ya ghorofa tatu. Halafu minibasi ya wanakwaya. Mwisho pick-up yenye makreti ya vinywaji.

Kila mtu wa Goma anajua sheria ya msafara wa arusi: gari la mgeni lisiingie katikati. Likiingia fuso la makaa kati ya bibi arusi na ndugu zake, video imeharibika na watu watacheka. Kwa hiyo kabla ya kuondoka niliwakusanya madereva nikawaambia kwa ile sauti yangu ya redio, "Mushikamane! Pua ya huyu kwenye mukia wa huyu. Nisione nafasi ya hata mbuzi kupita!"

Walinitii. Sijawahi kutiiwa vile maishani mwangu.

Wiki ile ile nilikuwa nimesoma tangazo redioni kuhusu barabara ya Rutshuru, hiyo hiyo ya kwenda Kiwanja, pale inapopakana na msitu wa mbuga, kwamba madereva wapunguze mwendo, wanyama huvuka, nyani, nguruwe-pori, hata mbogo. Kwa hiyo nilipofika pale nilikuwa nimekodoa macho pembeni kote kutafuta mnyama mkubwa, wa kumtangaza. Pikipiki ya Claude ikapita. Na hapo, katikati ya lami, nikamwona: kinyonga wa kijani mwenye pembe tatu, anavuka kwa ule mwendo wake wa kusogeza mguu mmoja kisha kuurudisha kana kwamba amesahau kitu nyumbani.

Sasa msomaji wa mbali anaweza kuuliza, kinyonga ni nini mbele ya jeep? Lakini kwetu kinyonga hagusiki, huleta mkosi. Hatumshiki, hatumuui, tukimkuta shambani tunazunguka kumkwepa, na mtoto akimwona hupiga kelele kuliko akiona nyoka. Mimi nimesoma, nasema redioni kwamba hayo ni mambo ya kizamani, na mguu wangu wa kulia pia ulikuwa umesoma, lakini Tantine alipolia nyuma yangu, "Usimukanyage! Usimukanyage na bibi arusi ndani!" mguu ukasahau shule yote.

Nilifunga breki.

Nyuma yangu pua ya huyu ilikuwa kwenye mkia wa huyu, kama nilivyoagiza. Nikasikia pa, halafu pa, halafu pa ya tatu yenye chupa ndani yake. Jeep ikasukumwa mbele kidogo, na kinyonga akaingia chini yetu. Claude, ambaye alikuwa ametuelekezea kamera muda wote, alipiga yote bila kutikisika, na katika video unaona uso wangu, mdomo wazi, na nyuma yangu magari yanainama moja moja kama watu wanaopokea baraka.

Tulishuka. Hakuna aliyeumia. Mama Mudogo, mke wa Déo, alishuka wa mwisho, ghorofa ya juu ya keki imebaki kwenye kifua chake, na krimu kwenye nyusi, akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Ulikuwa umeona nini, baba? Tembo?"

"Kinyonga," nikasema.

Baba Mudogo Déo aliangalia rejeta yake inayomwaga maji, akaniangalia mimi. "Kinyonga ngapi?"

Nilitaka tuondoke papo hapo, kwa sababu jeep ilikuwa bado inawaka. Lakini Tantine alisimama mbele ya bampa mikono kiunoni. Hatuondoki, akasema, mpaka ijulikane kama yule mnyama amekufa au yuko hai, kwa sababu kama yuko hai chini ya matairi tutamkanyaga tukiondoka, na kama amekufa basi ni mambo mengine, kunahitajika maombi. Wanakwaya wakamuunga mkono (wanakwaya wa Kikatoliki, wenye rozari shingoni). Mmoja alipendekeza mtu achukue fimbo amtoe. Wote tukakubali ni wazo zuri. Fimbo zilikuwa nyingi pale, na hakuna aliyeinama kuokota hata moja.

Simu ikalia. Ni Kambale. "Shemeji, muko wapi? Padri ameshavaa, anaangalia saa. Anasema akitoka, ametoka."

"Tuko karibu," nikasema.

"Kuna shida?"

"Kashida kadogo tu." (Na kwa kipimo, sikudanganya.)

Basi nikaamua kuingia chini ya jeep mwenyewe. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa mpango, nilivua koti langu jipya la suti, nikalikunja vizuri, nikaliweka kwenye majani ya pembeni mwa barabara, mbali na vumbi na mafuta. Kisha nikalala kifudifudi nikatambaa. Niliangalia tairi kwa tairi. Juu yangu nilisikia Tantine anauliza kila baada ya pumzi mbili, "Anapumua?" na mwanakwaya mmoja akajibu, "Nani, kinyonga ama kaka?" wakacheka wote. Kinyonga hakuwepo. Hakuna damu, hakuna mkia, hakuna kitu. Nilitoka na shati jeusi kwa grisi, nikatangaza, "Haiko!"

"Basi iko ndani ya gari," akasema Tantine. "Imepanda kwenye injini. Furaha hapandi tena gari hii."

Furaha alikuwa amesimama muda wote, amekusanya gauni mikononi. Alimtazama Tantine, akanitazama mimi, akatazama barabara. Halafu akamwambia dereva wa pikipiki ya Claude, "Papa moto, wasa pikipiki." Akamgeukia Tantine: "Kinyonga abaki na gari. Mimi sikuja kuolewa na gari."

Akakaa upande upande nyuma ya dereva. Niliokota koti, nikalivaa juu ya shati chafu, nikafunga vifungo vyote, nikapanda nyuma yake nimeshika shela isiingie kwenye gurudumu. Claude aliachwa barabarani, akitupiga picha kwa furaha ya mtu aliyepata riziki yake.

Hivyo ndivyo ukoo wetu ulivyoingia Kiwanja. Watu wa soko walisimama. Wamotari, wale madereva wa pikipiki, walijipanga nyuma yetu bila kualikwa, wakipiga honi, mpaka tukafika kanisani na msafara mkubwa kuliko ule niliouacha. Padri alikuwa mlangoni na begi lake mkononi. Mama yake Kambale alikuwa karibu naye, mwanamke mrefu, kilemba cha kijani kibichi chenye makunjo mengi, akatuangalia tukishuka, vumbi mpaka kope.

"Karibuni," akasema. "Huko Goma magari yaliisha?"

Padri alicheka, akaweka begi chini, akavaa tena stola yake. Nilimshika Furaha mkono nikamwingiza, na alipoulizwa kama anakubali alijibu kwa sauti iliyofika barabarani. Wanakwaya walifika wakati wa sadaka, wamepakiwa kwenye pick-up katikati ya chupa zilizovunjika, wakaimba wakinuka bia.

Tangu siku ile naacha nafasi mbele na nyuma, ingie fuso, ingie mbuzi, sijali. Na redioni nikisoma tangazo la wanyama, fundi wa mitambo huzima maikrofoni yake ili acheke.

Ningeishia hapo, lakini juzi binamu yake Kambale alitutumia video aliyopiga kwa simu yake ndani ya kanisa. Tuliiangalia nyumbani Katindo, mimi, Furaha na Tantine. Nikiwa naingia na bibi arusi, kuna kitu cha kijani chini ya kola ya koti langu, mgongoni. Nikasema ni jani, koti lilikuwa kwenye majani. Tantine akasema tuendelee. Wakati wa kupeana amani, kile cha kijani kiko kwenye bega la kushoto.

"Jani linatembea?" akauliza Tantine, akajivuta mpaka mwisho wa kiti.

Halafu inakuja sehemu ya mlangoni baada ya misa, pale mama mkwe wa Furaha ananikumbatia kwa muda mrefu, kilemba chake kimegusa bega langu. Tunaachana, nageuka kuelekea kamera, na koti langu ni safi kabisa.

Furaha alirudisha video nyuma mara kadhaa, lakini kijani juu ya kijani hakionekani. Mama yule ni mzima, biashara ya maharagwe inaendelea, na hatukosi salamu zake. Video bado hajaonyeshwa. Mimi nasema Furaha amuulize kuhusu kilemba, kwa kuwa ni mkwe wake, na Furaha anasema niulize mimi, kwa kuwa ndiye niliyefunga breki.