Namba Kumi Alipouliza Habari za Theluji

Majira yale ya baridi tuligombana juu ya kocha kila Jumamosi, kwa ukali wa watu wanaogombea mpaka wa shamba. Tulikuwa mashabiki wa timu ya raga ya mkoa wetu, magharibi mwa Kenya, lakini tuliishi Birmingham, na timu tuliiona kwenye simu tu. Tulikutana mtaa wa Erdington, nyumbani kwa muuguzi mmoja ambaye sote tulimwita Anti. Namba kumi wa timu, yule apangaye mchezo na kupiga mikwaju yote, alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa marehemu kaka yake Anti. Anti alimlea tangu darasa la tatu hadi siku yeye Anti alipopanda ndege kuja huku.

Kundi letu lilikuwa na pande mbili. Upande mmoja alikuwa mzee wa kanisa, aliyewahi kucheza mstari wa mbele wa skramu, pale timu zinaposukumana, katika ujana wake na sasa anawahudumia wazee katika makao fulani kule Shard End. Yeye alitaka kocha mwenye jina na wachezaji waliokomaa. Upande wa pili alikuwa dereva wa teksi wa Bordesley Green, Msomali aliyekulia mji ule ule wa kwetu, akapitia Uholanzi kabla ya kufika hapa. Yeye alimtetea kocha wetu, mwalimu wa michezo aliyewatoa vijana mashuleni na kuwapa jezi za mkoa.

“Mzee, unataka watu wazima wacheze?” dereva alikuwa akimchokoza. “Basi vaa bukta uende wewe.”

“Nikivaa mimi,” mzee alijibu, “hiyo skramu haitarudishwa nyuma kama ya hao watoto wako.”

Mimi nilikuwa upande wa dereva. Nilikuwa nikisomea shahada ya pili ya elimu, na niliamini kwamba timu isiyowaamini vijana wake haina haki ya kubeba jina la mkoa. Niliyaandika hayo mara nyingi katika gumzo letu la simu, kwa urefu uliomfanya dereva aniite Profesa. Vijana kwanza, niliandika, na sikuona kwamba maneno hayo yangehitaji ufafanuzi.

Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa ya mechi ya mwisho wa msimu. Tukishindwa, tungeshushwa daraja, na kamati ilikuwa imekwisha kutamka kwamba kocha angeondoka siku hiyo hiyo. Wiki moja kabla, kichwa cha namba kumi kiligongana na goti la mpinzani. Alilala kwenye nyasi kwa muda, akainuka, akapiga mkwaju uliotupa ushindi. Sisi huku tulipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Anti peke yake aliuliza, “Ameinuka na miguu yake. Na akili zake je?” Katikati ya wiki kocha alimwambia kwamba kijana amepumzika na hana maumivu. Kijana mwenyewe alimwambia, “Niko fiti, Anti,” akakata simu. Anti alitaka kuamini. Niliona hivyo kwa namna alivyokuwa akilirudia jibu lile mbele yetu.

Tulikuwa na desturi moja kabla ya kila mechi. Nahodha alitupigia kutoka chumba cha kubadilishia nguo, akaweka simu kwenye spika, na mzee wa kanisa akawaombea wachezaji. Dereva aliinua viganja vyake akasoma dua yake kimyakimya upande wake wa kochi. Kisha kila mchezaji alitusalimu. Na salamu zetu zinajulikana: habari za nyumbani, za kazi, za baridi, za nyumbani tena. Kati yetu, mtu akirudia swali, huhesabiwa kuwa ana adabu.

Siku hiyo mimi ndiye niliyeshika simu. Namba kumi alikuja mwisho, kama kawaida.

“Anti, mko poa? Huko kuna theluji?”

“Haijaanguka, baba. Ni baridi tu.”

“Na Mzee, goti liliacha kuuma?”

“Linauma kila nikiona mnavyosukumwa,” mzee akasema, na chumba kile cha mbali kikacheka pamoja nasi.

“Sawa, Mzee. Anti, huko kuna theluji?”

Alikiuliza kitu kile kile, kwa sauti ile ile, kwa shauku ya mtu anayeuliza mara ya kwanza. Tulicheka tena. “Huyu anatutania,” mzee alisema. “Mwambie iko,” dereva akaongeza, “nitamtumia kidogo ndani ya begi.”

Anti hakucheka. Alikuwa ameshika kijiko cha chai. Alikiweka chini, akaichukua simu mkononi mwangu.

“Baba, Jumamosi iliyopita mlicheza na nani?”

“Ah, Anti. Na wale.”

“Wale gani?”

“Wale, bana! Si tuliwapiga?” Nyuma yake wenzake walicheka. Nahodha akaichukua simu. “Anti, tunaitwa uwanjani. Mtuombee.” Laini ikakatika.

Anti alisimama katikati ya sebule. Alifanya kazi katika wodi inayopokea watu waliogongwa vichwa, na kuuliza maswali kama yale ndiyo kazi yake ya kila siku. “Huyu mtoto bado ameumia,” alisema. “Kichwa ambacho hakijapona kikigongwa tena, hakuna anayejua kitaamkaje. Nimewapokea watu wa namba hiyo. Wengine hawakurudi kwao. Lazima atolewe.”

Nilimpigia kocha. Simu yake iliita bila kupokelewa. Nilimpigia nahodha, ilikuwa imezimwa. Wakati huo shabiki mmoja kule nyumbani, ambaye kila wiki alituonyesha mechi moja kwa moja kwa simu yake, alikuwa ameanza kurusha picha. Kipenga kilipulizwa. Namba kumi alipokea mpira wa kwanza, akaupiga mbali, ukatoka pembeni pale pale alipotaka.

“Siste, umeona?” dereva alisema kwa upole. “Mgonjwa anapiga hivyo, walahi?”

“Miguu inaijua njia ya nyumbani hata mwenyewe akiwa usingizini.”

“Sikukatalii. Lakini yule mwalimu akiondoka, hao vijana wote wanarudi kukaa barazani. Na kuna mtu hapa anachekelea moyoni.”

Mzee wa kanisa aliinuka. Sikuwahi kumwona akiinuka haraka namna ile. “Dereva, usinitie maneno mdomoni. Mimi nataka kocha mwingine, na nimelisema hilo mchana kweupe. Lakini sasa hivi nimetoka kukiombea kile kichwa. Unadhani niliomba kwa mzaha?”

Kwenye kioo cha simu, wapinzani walifunga trai karibu na kona. Bado tuliongoza. Ilikuwa zamu yetu kuanzisha mpira, na mwanzishaji ni namba kumi. Yeye alitembea taratibu, akavuka mstari wa kati, akasimama miongoni mwa wapinzani, mikono kiunoni, akisubiri mpira kama mmoja wao. Umati uliangua kicheko. “Namba kumi leo ana madoido!” aliyekuwa akirekodi alishangilia. Nahodha alikuja, akamvuta kwa jezi, akamkabidhi mpira na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kusimama.

Sebuleni, dereva aliushika uso wake kwa mikono miwili. “Ya Allah,” alisema, na hakumtetea tena mtu.

Tuliandika sote watatu chini ya picha ile: peleka simu kwa kocha, peleka simu kwa kocha. Maneno yetu yalikuwa yakipita kati ya vicheko na bendera za mashabiki wengine. Kila kijana wetu alipokabwa, Anti alivuta pumzi na kuibana. Mara moja namba kumi aliinama kuokota mpira huku mlinzi mzito akimjia, na Anti akageukia ukuta. Mpira ulimponyoka, mlinzi akapita. Mzee, ambaye kwa kawaida hakuandika chochote zaidi ya “Amina,” alikuwa akibonyeza herufi kwa kidole kimoja.

Mapumziko yalipoanza ndipo yule mrushaji alipotusoma. “Birmingham wanasema nipeleke simu kwa kocha,” alisema kwa mshangao. Picha ilianza kuyumba: nyasi, viatu, chupa za maji. Kisha ikazimika, na simu yangu ikaita. Nilimpa Anti, nikaweka spika.

“Mama, hamjambo?” kocha alisema, akihema. “Tunaongoza!”

“Mwalimu, mtoto wangu hajui alipo. Mtoe.”

“Ameniambia yuko sawa.”

“Muulize mwenyewe. Muulize Jumamosi iliyopita mlicheza na nani.”

Tulisikia akimwita. Tulisikia upepo, na mtu akigonga matope kwenye viatu. Dereva alikuwa amesimama mlangoni. Wakati wa swala ya Alasiri ulikuwa umeingia, maana majira ya baridi huuleta mapema huku, lakini hakuondoka. Kocha aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Amenitajia timu ya shule,” alisema. “Mechi waliyocheza akiwa kidato cha nne.”

Anti alifumba macho.

“Mama,” kocha aliendelea, “hakuna mwingine wa kupiga mikwaju. Nikimtoa huyu leo, nimejitoa na mimi. Unalijua hilo?”

“Ninalijua, Mwalimu. Ninakuomba nikiwa ninalijua.”

Laini ilikatika, na hatukujua ameamua nini. Dereva alipanda juu, kwenye chumba ambacho Anti alimwekea mkeka wa swala tangu siku za kwanza za mikutano yetu. Sisi tulikaa tukikitazama kioo cheusi. Niliwaza juu ya kila nilichokuwa nimeandika kuhusu mtu yule: kwamba aliwaona vijana pale wengine walipoona upungufu. Sasa alikuwa na dakika chache za kuthibitisha kwamba nilikuwa sahihi, na uthibitisho wenyewe ungemwondoa.

Picha ilirudi. Timu zilikuwa zikiingia. Nilitafuta jezi namba kumi mgongoni mwa kila mtu, na Anti alikuwa akitafuta pia, mdomo wake ukihesabu bila sauti. Haikuwapo. Namba ishirini na mbili alikuwa akikimbia kuelekea katikati, akijifunga kamba ya bukta. Kisha mrushaji aliielekeza simu kwenye benchi. Kijana alikuwa amekaa na taulo kichwani. Alivua kiatu kimoja, akakitupa. Aliitazama kamera, na nina hakika alijua ni nani aliyekuwa upande wa pili, kisha akageuza uso.

Dereva alishuka, akaitazama picha, akaketi chini kwenye zulia karibu na miguu ya Anti. Hakuuliza matokeo. Tuliongoza hadi karibu na mwisho, wapinzani wakatupita. Tulipata adhabu moja mbele ya milingoti, mkwaju ambao namba kumi angeupiga hata akiwa amefumba macho, na namba ishirini na mbili akaukosa. Kipenga kilipolia, mzee wa kanisa, aliyekuwa amepata alichokitaka msimu mzima, aliivua miwani yake akaipangusa kwa muda mrefu.

Kocha aliondoka, kama ilivyotangazwa. Hospitali ya kule ilimkataza kijana kucheza hadi apone kabisa, na daktari alimwambia maneno yale yale ya Anti. Haikusaidia. Kila Anti alipopiga simu, kijana alimpa mtu mwingine aongee. Katika gumzo letu shabiki mmoja wa nyumbani aliandika kwamba Birmingham waliishusha timu kwa simu moja. Nilianza kuandika jibu refu, nikalifuta. Vijana kwanza: nilikuwa nimelirudia neno hilo bila kujiuliza ni kwanza katika jambo gani. Aliyelijibu swali hilo alikuwa kocha mwenyewe, pembeni mwa uwanja, na alilijibu kwa kuipoteza kazi yake. Sijaweza kuandika sentensi inayolingana na hiyo.

Msimu uliofuata tulianzia daraja la chini, na kocha mpya, mtu mwenye jina, aliiendeleza desturi ya simu. Dereva alikuwa amerudi kuketi kwenye kochi lake, akimchokoza mzee kama zamani. Baada ya maombi wachezaji walitusalimu mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa namba kumi, aliyeruhusiwa kucheza tena. Yeye na Anti hawakuwa wamezungumza tangu siku ile.

“Umekula, baba?” Anti aliuliza.

“Ndiyo.”

Mzee aliuliza habari za uwanja, dereva akauliza habari za mvua. Kijana alijibu kwa neno moja moja. Kisha Anti akasogea karibu na simu.

“Umekula, baba?”

“Si umeniuliza sasa hivi, Anti?” Alilisema kwa ukali, na mzee wa kanisa alikunja uso, maana hivyo sivyo mtoto anavyomjibu aliyemlea.

“Amekumbuka,” Anti alisema, akanirudishia simu, akaenda jikoni kugeuza chapati.